Katibu wa Tawi na Viti vya Mdogo Wake

Kwa miaka kumi na tisa Katibu amefungua ofisi ya tawi la chama kila Jumamosi saa nane mchana, akishafunga kibanda chake cha fotokopi. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja na kabati ambalo mlango wake haukai mpaka ubanwe kwa gazeti lililokunjwa. Humo ndimo linamokaa daftari la wanachama, analolilinda kuliko simu yake.

Wiki moja mdogo wake, mbunge wa vipindi viwili, alihama chama. Alikuwa ameshinda kura za maoni, makao makuu wakalikata jina lake na kuweka mtu wao. Msimhurumie sana, ni huyu huyu aliyeapa redioni kwamba atazikwa na kadi ya chama. Akamfuata Katibu kibandani, mchana kweupe.

"Dada, njoo na watu wako. Nipe daftari tu."

"Watu gani? Nitajie watano."

Akataja wawili, na mmoja alikwishafariki.

"Wamenikata, Dada. Nilishinda."

"Najua. Kura nilizihesabu mimi." Roho ilimuuma, maana mdogo wake hakusema uongo. "Lakini daftari hulipati."

Mbunge akaondoka amenuna. Kesho yake akatuma gari kubeba viti vyote vya plastiki alivyolizawadia tawi. Jumamosi Katibu akafungua chumba kitupu, akasimama akingoja. Aliogopa hasa: watu wasipokuja, tawi limemfia mikononi.

Saa nane na nusu akaingia mwashi na ndoo yake, akaifudikiza, akaikalia. Akafuata muuza mitumba na kigoda, kisha wengine, mpaka chumba kikajaa. Katibu akafurahi, akaanza kuwashukuru kwa uaminifu wao. Mwashi akamkatiza.

"Shukrani weka kando, Katibu. Ile kura tuliyopiga imekwenda wapi? Kama tunapiga za kutupwa, na sisi tutahama, tena kwa miguu."

Katibu alikuwa na maelezo ya makao makuu, kurasa mbili, ameyatolea nakala arobaini kwa wino wake mwenyewe. Hakuyagawa. Aliandika swali la mwashi kwenye kumbukumbu za kikao, neno kwa neno, akasema kila mtu atie sahihi.

"Jumatatu nazipeleka mwenyewe makao makuu. Nikirudi bila jibu, tafuteni katibu mwingine."

"Tutatafuta," mwashi akasema, akaipokea kalamu, akatia sahihi wa kwanza.