Mapigo Mia na Kumi na Mbili

Wodini kwetu tulimwita Mama Kwanini. Alikuwa msafishaji, mwanamke wa miaka thelathini na minane, na kwa maswali alikuwa hana mpinzani. Kwa nini dripu ya huyu inadondoka polepole na ya yule haraka? Kwa nini bibi wa kitanda cha nne anapimwa kabla ya dawa na si baada? Mimi ndiye msimamizi wa wodi, na nakiri ziko siku nilizomkwepa kwa kujifungia stoo ya mashuka.

Asubuhi moja akaniuliza lililonikalisha chini. "Sista, mtu kama mimi akitaka unesi anaanzia wapi?"

Nikageuza fomu iliyoharibika, nikamchorea. Cheti kwanza, miaka miwili. Alama zake za sekondari zilitosha, ingawa kwa tabu. Akishafanya kazi kidogo, diploma. Baadaye digrii, akipenda. Kuna ukunga, kuna chumba cha upasuaji, kuna afya ya akili, na wengine huishia kufundisha.

Akakodolea macho ile karatasi. "Kumbe akili nayo ina manesi wake? Sasa hao wanapima nini?"

Tatizo lilikuwa umri. Chuo hakikupokea aliyevuka thelathini na minane, na usaili ni mara moja kwa mwaka. Kwake ilikuwa mwaka huu au basi tena.

Siku ya usaili alirudi mchana, viatu mkononi. "Nimeharibu, Sista."

Alikuwa amepewa mkono wa mwanafunzi ahesabu mapigo. Akabana kifundo kwa kidole gumba, akahesabu dakika nzima bila kupepesa: mia na kumi na mbili. Mwalimu alipohesabu mwenyewe, akapata sabini na nne. Gumba lina mapigo yake, na ukilitumia unaweza kujihesabu mwenyewe. Mama Kwanini alikuwa amehesabu hofu yake. Wenzake wakaangua kicheko.

"Ukafanyaje?"

"Nikamuuliza mwalimu, kwa hiyo moyo wangu ndio unakimbia hivi? Na nikitulia utarudi wenyewe, au mpaka dawa? Akacheka, akanishika vidole hivi viwili, akaniwekea penyewe. Nikapata sabini na tano." Akaviweka viatu chini. "Halafu akauliza nani kanifundisha gumba. Nikamwambia hakuna. Nyie mkipima mnakuwa mmenipa mgongo, Sista. Vidole nilibahatisha."

Hakusema kwa kulaumu, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

Wiki ya tatu barua ikaja. Amepokelewa, ngazi ya cheti, aripoti Jumatatu. Alinikumbatia na glavu zake za mpira zikiwa bado zinachuruzika maji. Nikampongeza, kisha nikamwomba radhi. Miaka tisa tumefanya kazi chumba kimoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwambia, "Sogea uone."