Kabati la Vitabu kwenye Mashine ya Mpunga

Hapa Magamba tunakobolea mpunga kwenye mashine moja, na zamu yake huchelewa. Mwalimu mmoja mstaafu aliona tunavyokaa pale tukisengenya watu, akaleta kabati lake la vitabu akaliweka kwenye kona ya banda. Sharti lake moja: ukirudisha kitabu, simama uwaambie wenzio kinahusu nini na kama kinafaa. Mwenye mashine alikubali, ila alisema wazi kwamba vitabu vikikaa bure mpaka mavuno, kona yake anaitaka kwa magunia.

Mimi niliishia darasa la nne. Kitabu nilikuwa nakichagua kama mzigo wa kuni siku mgongo unauma: chembamba. Kikiwa na herufi kubwa, basi. Nasoma mbiombio nifike mwisho, niseme nimemaliza.

Nikarudisha cha kwanza, nikasimama. Sasa, kwetu Wakonongo hadithi haikatwi. Bibi yangu akikuanzishia hadithi, hata moto ukizimika ataimaliza, maana kumwacha mtu katikati ni kumpakulia ugali ukamnyima mboga. Basi nikasimulia yote: nani alimuoa nani, nani aliiba, nani alikufa na alizikwa wapi. Watu walicheka, wakasikitika, wengine wakaacha zamu zao zipite. Nikakaa nimeridhika. Cha pili nikafanya hivyohivyo, na cha tatu.

Aliyenisema ni jirani yangu, mama wa Kisukuma, mmoja wa wale waliohamia huku na ng'ombe wao. Sisi na wao ni watani, kwa hiyo hanionei haya. Alinikuta nakusanya pumba.

"Bibi, wewe unamaliza nyama halafu unatuita tulambe chungu."

Nikamuuliza wenye ng'ombe wote wale wanadoea nyama ya nani.

"Vile vitabu ulivyosimulia, nani kavichukua? Si umetumalizia? Huyu bwana wa mashine akileta magunia yake hapa, ujue wewe ndiye uliyemfungulia mlango."

Nilimwambia aende akakamue. Lakini alipoondoka nilikwenda kabatini. Vitabu vyangu vitatu vilikuwa palepale nilipoviweka, vumbi la pumba juu yake. Vile ambavyo wenzangu walivisemea kwa aibu, maneno mawili wakakaa, havikuwepo.

Nikamuuliza mwalimu nisimame niseme nini, kama si hadithi. Akanijibu niseme kitabu kimenifanyia nini. Jibu la wasomi hilo. Nilirudi nalo nyumbani nikalitafuna mpaka likalainika.

Tangu hapo sisomi kama zamani. Naenda polepole. Nikifika mahali pananiudhi nasimama na kujiuliza kwa nini, maana najua kuna watu wataniuliza. Zamani mwandishi akisema neno nilikubali, kwa kuwa limepigwa chapa. Siku hizi nabishana naye jikoni mpaka maharage yanaungua. Na kuchagua nako kumebadilika. Siangalii unene. Nafungua katikati, nasoma ukurasa mmoja. Nikiona hapa wenzangu watagombana, nakichukua.

Ndivyo nilivyochukua kile cha wakulima na wafugaji wanaogombea bonde. Kinene hasa. Siku ya kukirudisha nikasema: "Huyu mwandishi mpunga anaujua. Ng'ombe hamjui. Kila mfugaji humu ni mkorofi, na mimi nina jirani mfugaji, ukorofi wake ni wa mdomo tu. Mwisho siwaambii."

Wakaguna. Mmoja akaomba angalau nimwambie kama yule binti aliyechorwa kwenye jalada aliolewa. Nikamjibu kitabu kile pale, na macho anayo.

Mtani wangu akakichukua amenuna. Alipokirudisha alisimama akasema bibi amesoma kwa jicho moja, kuna mfugaji mwema humu karibu na mwisho, kampita kama kisiki. Nikabisha. Akafungua, akasoma mbele ya watu, taratibu, kidole kwenye mstari. Kweli alikuwepo. Mimi nikamwona mjinga, yeye akamwona mpole. Tukavutana juu ya mtu huyo mpaka mashine ikazimwa, na hakuna aliyebeba mchele wake kuondoka. Wanawake wawili waliokuja kukoboa kutoka Mwamkulu walikishika kitabu kila mmoja upande wake.

Mavuno yalipofika, mwenye mashine aliyapanga magunia barazani, chini ya turubai. Hakutoa hotuba. Alisema tu kwamba watu wanaofuata vitabu wanakuja na mpunga wao, na yeye si mwendawazimu.

Juma lile nilikuwa na hamu na kitabu kimoja cha mkunga. Nilikifungua katikati mara moja tu, na ukurasa ule ukaninyima usingizi. Nilipofika nikakuta kimechukuliwa. Nikamwomba mwalimu anishikie nafasi. Akasema kuna wengine walioniwahi. Basi nikavuta kigoda, nikakaa kungoja zamu yangu.