Mama Mkwe Aliyehamia Kasulu

Mume wangu ni daktari. Mwaka 2012 alipohamishiwa Kasulu nilimfuata, nikaingia na sura ambayo mji mzima ulikwisha kuichukia.

Dar es Salaam nilikuwa mwigizaji katika tamthilia ya televisheni. Nilikuwa mama mkwe, yule mbaya. Nilimtilia mke wa mwanangu sumu kwenye uji, nikamsingizia wizi, nikamloga akaota ndevu. Sikujua kwamba vibanda vya video vya Kasulu vilikuwa vinanionyesha kila jioni.

Siku yangu ya kwanza sokoni nilinyoosha mkono kwenye maharage. Muuzaji, mama mnene mwenye sauti ya kengele, akaufunika ungo kwa kanga.

"Mwakeye, mama," nikamwamkia. Kiha changu chote kiliishia hapo.

"Mwakeye. Yule binti umemwacha wapi?"

"Binti gani?"

"Mkweo. Uliyemnywesha uji."

"Ule ni mchezo tu, mama. Yule dada ni mzima, tukimaliza kurekodi tulikuwa tunakula wote chipsi."

Akamgeukia jirani yake. "Umesikia? Kumbe na chipsi alimpa."

Nilirudi nyumbani bila maharage. Wauguzi walipokuja kututembelea, niliwamiminia chai, kila mmoja akamsubiri mwenzake anywe kwanza. Mume wangu ikabidi anywe vikombe vya watu wote, akilamba midomo kama mtoto.

Nikaamua kujisafisha. Nitatengeneza filamu yangu mwenyewe: mtunzi mimi, mzalishaji mimi, mwongozaji mimi, na mjane mwema anayelea yatima ni mimi. Yule mjane nilimpamba wema mpaka nikaona haya kumsoma. Atateswa na wifi yake, naye atasamehe tu.

Mpiga picha nilimpata Kibondo. Maisha yake yote alikuwa amepiga harusi, na mtu akisimama mbele ya kamera yake ilikuwa lazima atazame mbele, atabasamu, apunge mkono. Waigizaji niliwachukua kwenye kwaya. Wote walitaka kuwa yatima, hata bibi mmoja mwenye vitukuu.

"Na wifi nani?" nikauliza.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa Mbeya, akasema kwa upole, "Dada, sisi tunaishi hapa. Wewe mwenyewe umenyimwa maharage."

Nilimbembeleza mume wangu avae wigi na gauni. Alikubali, ila sharubu alikataa kunyoa. Basi wifi nikawa mimi tena.

Nafasi ya mjane ikabaki wazi. Ndipo alipotokea yule mama wa maharage.

"Nimesikia mnatafuta wa kulia," akasema. "Mimi naweza." Akaketi chini palepale, akalia kwa Kiha kwa uchungu mpaka bibi yatima naye akaanza kulia, halafu akanyanyuka akajifuta. "Inatosha, au niongeze?"

Siku ya kurekodi ugomvi, maandishi yalisema wifi anamzaba mjane kofi, mjane anainama na kuomba Mungu. Nikasema, "Haya, tuanze!" Kabla sijainua mkono nilikuwa nimelala kwenye matuta ya mihogo, sikio likivuma.

"Kata!" nikalia nikiwa chini.

"Mama, usiinuke," akasema mpiga picha. "Umetoka vizuri."

"Wewe ulitakiwa upigwe!" nikamwambia mjane wangu.

"Nilikuona unakuja," akajibu, "sikuona sababu ya kungoja."

Hadithi nzima ikabidi niiandike upya. Mjane mwenye kupiga hawezi kuwa mpole kiasi kile, na kusema kweli alinoga zaidi.

Tulionyesha filamu Kibondo kwanza, kwenye kibanda cha rafiki wa mpiga picha. Alikuwa ameihariri kwa ile programu yake ya harusi, kwa hiyo nilipokuwa naanguka kwenye mihogo, mioyo myekundu na maua ya waridi vilikuwa vinamwagika juu yangu. Watu walipiga mbinja. "Rudisha!" wakapiga kelele, na mwenye kibanda akarudisha. Nikaanguka tena. Nilikaa nyuma gizani, nimejifunika mtandio, nikajikuta nacheka kuliko wote, kwa sababu lilikuwa kofi zuri na nililipanga vibaya kabisa.

Baada ya hapo tulitengeneza nyingine, na nyingine. Mama wa maharage akawa nyota, akaamkiwa njia nzima. Mimi nilizidi kurudi nyuma ya kamera, nikawafundisha wanakwaya kutotabasamu msibani. Mwaka 2015 wakimbizi wa Burundi walipoanza kufika kambi ya Nduta, tuliombwa tuwachezee mchezo wa kunawa mikono. Mjane wangu aliucheza kwa Kiha, nao wakauelewa kama Kirundi chao, wakacheka tangu mwanzo.

Wiki hiyohiyo Dar wakanipigia simu. Mama mkwe tuliyemuua ulipoondoka amefufuka kwenye tamthilia, wakasema, njoo. Niliwaambia samahani, nina kazi: nilikuwa nimeshika bati kuelekeza jua kwenye uso wa mjane, naye alikuwa ananikaripia kwamba nalitikisa.