Kiongoza Cheni cha Pikipiki ya Baba

Masika ya mwaka ule nyumba yetu ya Bigwa ilinuka mafuta ya taa. Baba, seremala kwa riziki na fundi pikipiki kwa ubishi tu, alioshea humo vipuri vya pikipiki kuukuu ya kupandia milima, aliyoinunua misheni ikiwa haiwaki. Kwa mwaka mzima alikuwa akiifufua. Mama aliiita mke mwenza, kwa kuwa mvua ikinyesha ilihamia sebuleni na sisi tukala jikoni.

Kisha mzaha ukaisha. Bibi, mama yake Baba, aliugua sana huko juu Uluguru. Barabara ilikuwa imekatika, hakuna gari lililopanda. Baba akaamua kwenda na pikipiki Jumamosi. Kilikosekana kitu kimoja: kiongoza cheni, kile kipande kinachokaa mbele kidogo ya gurudumu la nyuma na kuielekeza cheni isiruke nje ya meno ya gurudumu hilo. Kilichokuwepo kilikuwa kimelika. Kwetu hununui kipuri kwa maneno, unapeleka sampuli. Basi Ijumaa nikafungiwa kile kibovu kwenye gazeti, mimi binti wa miaka kumi na mmoja, nikatumwa mjini. Nilijiona mtu mkubwa.

Muuza vipuri aliitwa Mzee Shomari. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakigeuza kile kipande na kupitisha kidole kwenye matundu yake.

"Mwanangu, matundu haya yamepanuliwa kwa tupa," alisema. "Mtu alikilazimisha kikae. Hii sampuli yenyewe siyo ya pikipiki ya baba yako. Hivi vitu vinafanana kama watoto wa mama mmoja. Rudi kwa baba, akuandikie namba iliyopigwa kwenye fremu, ndipo nikupe chenyewe."

Nilitazama nje. Wingu lilikuwa limeshika mlima, na kurudi Bigwa kisha kuja tena ni kutembea tope hadi jioni. Lakini nisisingizie mvua. Nilitaka kusifiwa kwamba nimetumwa na nimeleta. Nikasema, "Baba ameshaangalia namba. Amesema hikihiki." Mzee alinitazama kidogo, akanipa kinachofanana na sampuli.

Nyumbani Baba alikijaribu, matundu yakakataa. Akaniuliza, "Mzee Shomari amekiona vizuri?" Nikajibu ndiyo. Baba akachukua tupa, akayapanua matundu kama yule fundi asiyejulikana aliyemtangulia, huku akinisifu kwa Mama kwamba sina mchezo. Nami nikamshikia kile kipande ili tupa isiteleze. Mficha uchi hazai, nilikuwa nikiusikia msemo huo kila siku bila kujua kwamba unanihusu.

Jumamosi asubuhi aliondoka. Kwenye mwinuko wa pili cheni iliruka, ikajisokota na kupasua bakuli la injini, mafuta yote yakamwagika. Aliisukuma kwa muda, mwisho akaitelekeza kando ya njia, akapanda kwa miguu. Alifika jioni. Bibi alikuwa amekata roho mchana, na waliokuwapo walimwambia kwamba alimuulizia mwanawe mpaka sauti ikaisha.

Siku hizi mambo ni mepesi mno. Majuzi niliiandika kwenye simu namba ya fremu ile, niliyoikuta kwenye kadi ya zamani ya pikipiki, na kabla chai haijapoa nikaiona picha ya kiongoza cheni chake halisi, kina matundu mawili yaliyokaribiana na mfereji mwembamba. Ukikikazia macho, sicho kile nilichokileta. Nilikitazama nikalia kama mtoto.

Baba sasa ni mzee, magoti hayamtii. Kila masika yakianza hurudia neno lilelile: "Ningeondoka kwa miguu tangu alfajiri, ningemkuta mama. Kiburi cha pikipiki ndicho kilichoniponza." Nami, mwenye kuujua ukweli peke yangu, humshika mkono nikamwambia, "Usijilaumu, Baba. Ni mipango ya Mungu." Naye hutikisa kichwa taratibu, akanishukuru kwa kumfariji.