Ukurasa wa Alhamisi

Paris sijafika, lakini niulize. Nitakwambia tiketi za karatasi za treni wameziondoa. Mgeni sasa anachukua kadi na kuitia salio kama simu. Kanisa kuu lililoungua limefunguliwa tena. Kuingia ni bure, ila ni vyema uweke nafasi mtandaoni, na nafasi zinakwisha hujamaliza kuandika jina lako. Mtoni, ambako watu walikatazwa kuoga miaka na miaka, kiangazi sasa wanaoga. Na kwenye lile jumba kubwa la makumbusho, asiye wa Ulaya analipa kiingilio kikubwa kuliko wenyewe. Hilo lilinichekesha. Kwetu mbugani mzungu hulipa zaidi kumtazama simba. Naona walikaa, wakafikiri, wakajibu.

Niliyajua hayo kwa kazi. Nilikuwa mwaka wa saba kwa madam mmoja hapa Dubai, namlelea watoto wawili, wa kiume wa miaka sita na wa kike wa minne. Mimi mtu wa Unguja, na Deira wananijua: nikiingia duka la vitambaa, mwenye duka humwita mwenzake aje kumsaidia. Madam alinituma mimi kwa kila kitu kwa sababu sipokei mzigo mpaka niuhesabu mara mbili, mara ya pili kwa sauti.

Siku aliyosema kiangazi wataenda Paris, niliacha kukunja nguo. Mdogo wangu yuko huko, kwenye kiunga cha mji, ameolewa na Mngazija. Miaka tisa hatujaonana. Karatasi zake hazijakamilika, akitoka harudi. Na mimi nikiomba viza peke yangu, mfanyakazi wa ndani, wataniuliza nina nini cha kunirudisha. Njia ilikuwa moja, nayo ilikuwa mbele yangu inakunywa kahawa.

"Madam, nichukue mimi," nikasema. "Safari yote nitakupangia, siku kwa siku. Huna haja ya wakala."

"Na wewe unataka nini?" Miaka saba alishanisoma.

"Saa mbili. Siku ya Alhamisi."

"Za nini?"

"Za kumwona mdogo wangu. Watoto nitakuwa nao hapohapo bustanini, hutapungukiwa kitu."

Akacheka. "Khalas. Inshallah."

Hapo mtu mwenye akili ya biashara angesimama kwanza. Inshallah ya madam si ile ya msikitini, na mimi nimeshauziwa nyingi. Lakini hii niliihesabu mara moja tu, nikaitia mfukoni.

Wiki tano, watoto wakienda shule, nilikuwa kwenye simu na mdogo wangu. Yeye anasafisha maofisi, mji anaujua kwa milango ya nyuma.

"Dada, mnarani usiwapandishe mchana. Ile foleni mtu anaweza kuingia na mimba akatoka na mtoto."

"Kituo gani kina lifti ya kigari cha mtoto?"

"Vichache. Andika, nakutajia." Alipomaliza kuvitaja akauliza, "Utanitambua? Nimenenepa. Nitavaa mtandio wa kijani."

"Nitakutambua kwa kuchelewa."

Niliandika kila kitu. Mlango upi uingie, kibanda kipi kina choo safi, siku ipi makumbusho yamefungwa. Niliandika kwamba mpakani sasa wanachukua alama za vidole na picha hata kwa wasiohitaji viza, kama madam na mumewe, kwa hiyo biskuti za watoto zikae mfuko wa juu. Ukurasa wa Alhamisi niliuandika mwisho: bustani yenye bembea za farasi na bwawa la bata, saa nne hadi saa sita, benchi la karibu na maji, watoto wapumzike. Nikaandika kwa Kiingereza ili madam asome mwenyewe. Kurasa zote nikazipeleka Deira kwenye ofisi ya kuchapa zifungwe kitabu, nikabishana na karani mpaka jalada la plastiki akanipa bure.

Kilichobaki ni viza yangu. Ilitaka barua ya kafeel, yaani mwajiri wangu, na miadi ya kwenda kutoa vidole. Kila nikikumbusha, jibu lilikuwa bukra, kesho.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, madam aliniita mezani. Kitabu kilikuwa mbele yake, kimetiwa vibandiko vya rangi.

"Umefanya kazi nzuri sana," akasema. "Kwa kitabu hiki hata mtu ambaye hajawahi kufika hawezi kupotea."

"Ahsante, madam."

"Miadi yako imekosekana. Kiangazi kila mtu anataka. Nitakwenda na mpishi, viza yake ya Ulaya aliyoipata kwa mwajiri wa zamani haijaisha. Kila kitu kimo humu, hatakuwa na haja ya kukuuliza."

Mpishi wetu ni Mfilipino, mwanamke mpole. Alinikuta jikoni, akasimama mbali kidogo.

"Dada, mimi sikuomba."

"Najua. Yule mdogo umvalishe soksi nene, viatu vinamuuma."

Bibi yangu aliuza mandazi Mwembetanga mpaka akazeeka, na hakuna aliyewahi kujua anatia nini kwenye unga. Mimi, mjukuu wake, mjanja wa Deira, niliandika, nikachapa, nikatia jalada, nikawakabidhi. Nilijiuza nikabaki dukani.

Nikampigia mdogo wangu kumwambia asiende. Alhamisi ile nilikuwa napiga pasi mapazia ya nyumba tupu, simu ikalia. Ni yeye.

"Nimetoka bustanini," akasema.

"Nilikwambia usiende."

"Nilishaomba ruhusa kazini. Hawarudishi." Nikasikia anapenga kamasi. "Wamekuja saa nne kamili, yule mwenzako kashika kitabu chako kama msahafu. Nilikaa benchi la pili. Sikuwasogelea, ningeitiwa polisi."

"Wana hali gani?"

"Wazuri. Yule wa kike miguu inamuuma, alivua viatu. Wa kiume alisimama ukingoni anahesabu bata. Kwa Kiswahili, dada. Moja, mbili, tatu. Alipofika mwisho akaanza upya, kwa sauti."

Pasi nilikuwa nimeiacha juu ya pazia. Nikaiinua.

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na moja. Mara zote mbili."

Waliporudi, madam aliniletea sumaku ya friji yenye mnara. Deira zinauzwa dazeni, na mnara wenyewe umenyooka zaidi. Nikashukuru, nikaibandika pembeni ya friji, upande wa ukutani.

Alikuwa amefurahi, uso umeshika jua. Akakaa, akanionyesha picha kwenye simu. Bata walikuwemo. Nyuma yao lilikuwepo benchi, na ukingo wa mtandio wa kijani. Aliyeuvaa alikuwa amekatwa na pembe ya picha.

"Kila mtu kaniuliza nimetumia wakala gani," madam akasema. "Mwakani tunataka Roma. Utatupangia?"

Nikaitazama ile picha mara ya pili.

"Roma sina mtu, madam."

Akadhani natania, akacheka.