Kuku kwenye Ndoo ya Mzee Masharti

Mzee Masharti hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na wapangaji, na alilistahili. Ukiingia getini kwake, kabla hata mtu hajakukaribisha, unakaribishwa na ubao: marufuku kuanika nguo upande wa mbele, marufuku wageni wa kulala, marufuku kupika uani, marufuku kelele. Asubuhi moja ubao ule ulikutwa na mstari mpya, rangi bado mbichi: marufuku kupitisha ndoo za maji mlango wa mbele, vigae vinachafuka.

Mstari huo ndio uliompandisha Mama Kopi damu kichwani. Vigae hivyo hivyo, siku chache tu nyuma, vilikuwa vimemwangusha mama yake mzazi na ndoo yake, na kifundo cha mkono kikavunjika. Bwana mkubwa, badala ya pole, kaona uchafu.

Mama Kopi alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kutoa kopi, barabara ya hospitali. Alipanga chumba na sebule kwa Mzee Masharti, chini, dirisha likitazama bomba la uani. Bomba hilo zamani lilikuwa linatoa maji kama mabomba mengine ya watu. Kisha mzee akafungua kazi ya kuosha magari mbele ya nyumba. Akaifunga koki inayopeleka maji uani, akaijengea kisanduku cha chuma, akatia kufuli, na funguo zikakaa mfukoni mwake. Magari yakawa yanaoga, watu wakawa wanateka maji mtaa wa pili. Mama yake Mama Kopi, mwanamke asiyejua kukaa bure hata umwombe vipi, akashika ndoo kama wenzake. Ndivyo alivyofika kwenye vigae.

Mama Kopi alipanda ghorofani kudai haki. Mzee alikuwa anakunywa chai.

"Kwani nani alimtuma?" akauliza, hata kikombe hakukiweka chini. "Mtu wa umri ule si angetulia ndani?"

"Atulie na kiu, mzee?"

"Mama Kopi, shuka taratibu. Ngazi hizo nimezipiga deki sasa hivi."

Alishuka. Hakushuka taratibu.

Alianza kwa kupeleka picha ya bomba kavu kwenye kundi la simu la wapangaji. Mzee ndiye aliyekuwa msimamizi wa kundi, akamtoa mara moja. Akaipeleka kwenye ukurasa wa mtaa. Mwenye ukurasa huo alikuwa anaoshewa gari lake kwa mzee, picha ikafutwa kabla mtu hajasema neno. Hapo Mama Kopi akakaa kitandani, akamtazama mama yake na plasta yake nyeupe ya mkono.

"Nyumba ya mtu unafukuzwa," akasema. "Haya. Nitatengeneza ukurasa wangu, ukae humu humu chumbani kwangu. Nione nani atanitoa."

"Mwanangu, hasira hizo umezirithi kwa nani?"

"Kwako, mama. Lala."

Kibandani kulikuwa na kompyuta kuukuu, imepoteza mfuniko wa ubavu, matumbo nje. Akaibeba nyumbani, akaiweka juu ya sanduku la nguo. Mafunzo aliyatazama kwenye simu kati ya mteja na mteja, akarudia na kurudia, huku akiwatukana walimu wale kwa kwenda mbio. Akajua kuwa seva si jini: ni kompyuta isiyolala, kazi yake kumpa ukurasa kila anayekuja kuuomba. Akabandika kamera ndogo dirishani, ikawa inapiga picha ya bomba kila baada ya dakika moja na kuiweka kwenye ukurasa. Juu akaandika maneno aliyoyanukuu kutoka matangazo ya mzee mwenyewe, ambayo ni yeye aliyekuwa anamtolea kopi: "Hapa maji saa zote."

Chini ya bomba kulikuwa na ndoo. Ndani ya ndoo kulikuwa na kuku wa Kinyozi, mpangaji wa chumba cha mwisho. Kuku yule alikuwa amepima mambo akaona hakuna mahali pakavu pa kutagia kama hapo, akahamia na mzigo wake wote.

Ukurasa ulipofunguka, nyumba nzima ilitoka uani na simu mkononi. Intaneti ya nyumba ilikuwa moja, ya mzee, aliyopenda kuwatambia nayo, kwa hiyo wote waliiandika namba ya ukurasa aliyowapa Mama Kopi na wote wakamwona kuku. Watu wakapiga vigelegele. Kinyozi alikaribia kulia.

"Dada, kuku wangu yuko duniani!"

"Kesho mwite kila mteja wako amtazame," akajibu Mama Kopi. Alilala usingizi wa mtu aliyeshinda kesi.

Kesho yake Kinyozi alimjia kibandani na mkasi bado uko kidoleni.

"Dada, umeniaibisha. Nimewakusanya watu, mmoja nusu ya kichwa bado sijamnyoa, nawaambia mtazameni kuku wangu. Simu zinazunguka tu! Wananiuliza kama kuku mwenyewe nimemla."

Mama Kopi akajaribu kwa simu yake. Ikazunguka. Akajaribu kompyuta ya kibandani. Ikazunguka nayo. Akajipiga kofi la paja. Wote walikuwa wameutazama ukurasa wakiwa ndani ya nyumba. Namba ile aliyowapa ilikuwa ya ndani, sawa na kumwambia mgeni "mimi nakaa chumba cha tano" bila kumtajia mtaa wala mji. Vyumba vya tano viko kila nyumba.

Akaipigia simu kampuni ya intaneti. Binti wa huduma kwa wateja alimweleza kwa sauti tamu. Kwanza, ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti ya nyumba, lazima ifunguliwe mlango, iambiwe kwamba anayeomba ukurasa huu apelekwe kwenye kompyuta hii. Pili, laini yao ilikuwa kwenye anwani ya pamoja, nyumba nyingi nyuma ya anwani moja, mtu wa nje hawezi kuwafikia. Inabidi kuomba anwani ya peke yao.

"Basi naomba."

"Mwenye laini ndiye anayeomba, mama. Ni wewe?"

Mwenye laini alikuwa Mzee Masharti. Ruta ilikuwa sebuleni kwa Mzee Masharti. Mama Kopi alikata simu, na siku nzima akawatolea watu kopi zilizopinda.

Lakini ubaya wa mtu mwenye kupenda kuchungulia wenzake ni kwamba hatosheki na ubao. Wiki haikuisha, mzee akashuka mwenyewe na boksi kwapani.

"Mama Kopi, si wewe ndiye fundi wa hivi vidude? Nimenunua kamera ya getini. Nataka nikiwa shambani nione nani anaingia na nani, na nani analala. Hapa nyumbani inaonekana vizuri. Nikitoka tu, giza."

Mama Kopi alifungua kinywa amwambie akatafute fundi wake kuzimuni. Kisha akakifunga. Giza la mzee lilikuwa ndugu wa tumbo moja na giza lake.

"Hiyo ndogo, mzee," akasema kwa adabu ambayo ingemtia shaka mtu mwerevu. "Twende juu."

Ruta ilikuwa imekalishwa kwenye kitambaa cha kufumwa, karibu na picha ya mzee akiwa kijana. Mama Kopi akampa maelezo: kwanza upige simu, uombe anwani. Mzee akapiga, kifua mbele.

"Mimi ndiye mwenye laini! Nimeambiwa eti nachangia anwani na nyumba za watu. Sitaki kuchangia kitu na mtu! Nataka yangu peke yangu!"

Akapewa yake peke yake. Mama Kopi akageuza ruta, akasoma neno la siri kwenye stika ya chini, akaingia. Akafungua mlango wa kamera ya geti, kazi safi, hakuiharibu hata kidogo. Kisha akafungua wa pili.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, miwani puani. "Hiyo nyingine ya nini?"

"Ya bomba la uani, mzee."

"Aa! Mambo ya bomba usiniletee leo."

"Sijayaleta, mzee. Nayapeleka."

Mzee akacheka bila kujua anacheka nini, akamwongezea chai. Mama Kopi akainywa yote, na sukari akaongeza.

Safari hii hakukusanya watu uani. Alitembea mpaka kibandani, akawasha simu kwa bando lake mwenyewe, akaandika anwani mpya. Bomba likatokea. Ndoo ikatokea. Kuku akatokea, amegeuza kichwa kama anayeuliza kulikoni. Mama Kopi alicheka peke yake mpaka mteja akataka kujua kama vyeti vyake vimeharibika.

Kilichobaki alikileta mzee kwa mkono wake. Alikuwa amejenga vyumba vipya nyuma, akaja na tangazo la kutolewa kopi: vyumba safi, intaneti ipo, maji saa zote. Mama Kopi akaweka pembeni kile kimraba cha vidoti vyeusi ambacho watu hukipiga picha kwa simu.

"Hiki nacho?" mzee akauliza.

"Mtu akikipiga picha anaona maji ya hapa yalivyo. Siku hizi watu wanataka kuona, mzee, si kusoma."

"Eh! Weka. Weka kikubwa."

Akakiweka kikubwa. Mzee akabandika mwenyewe, nguzo kwa nguzo, gundi ikimchuruzika mpaka kiwiko.

Kinyozi ndiye aliyekuwa analeta habari. Watu wanamtazama kuku wakisubiri kunyolewa. Watu wanamtazama kuku hospitalini wakisubiri kuitwa. Wapo waliokuwa wanabishana siku gani maji yatatoka na kuku atakimbilia wapi. Mzee peke yake hakujua, maana yeye alikuwa anatazama geti.

Jumamosi mchana wakaja mke na mume kuona vyumba, mwalimu na fundi umeme. Mama Kopi alikuwa mlangoni pake anachambua mchele, mama yake pembeni kwenye kiti. Mzee aliwatembeza wageni kama mtu anayeonyesha ikulu.

"Na maji, mwalimu, hapa hayajui kukatika."

Mwalimu alitoa simu, akaitazama ndoo, akaitazama simu, akaitazama tena ndoo.

"Samahani, mzee. Kumbe kuku mwenyewe ndiye huyu?"

"Kuku gani?"

"Wa kwenye tangazo lako. Tunamtazama wiki nzima. Watoto nyumbani wameshampa jina. Tukasema labda bomba ni la picha tu, la kweli liko kwingine."

Fundi umeme, mtu wa vitendo, akainama akafungua bomba. Likapiga chafya ya hewa, likanyamaza. Kuku hakufumbua hata jicho.

Mwalimu akasubiri picha mpya ije, kisha akamgeuzia mzee simu. "Na wewe umetokea."

Ilikuwa kweli. Mumewe ameshika bomba kavu, nyuma yake Mzee Masharti, mdomo wazi, chini ya maneno yake mwenyewe. Wageni wakaaga kwa heshima, wakaenda zao.

Mzee akamgeukia Mama Kopi. Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama.

"Nyoka wewe! Leo hii nakata intaneti!"

"Kata, mzee. Kamera yako ya geti nayo ipofuke."

"Nakufukuza kwangu!"

"Nifukuze. Vitanda nitavipitisha hapo mbele ya bomba, waliozoea kumtazama kuku waone na hayo." Akapuliza mchele. "Mlango niliufungua mbele ya macho yako, na kimraba ulisema kiwe kikubwa."

Mzee aliitazama kamera dirishani. Kisha mkono ukaingia mfukoni, funguo zikalia. Akaenda kwenye kisanduku chake cha chuma, akainama, akazungusha koki. Bomba likakohoa, likatapika kutu, kisha maji yakashuka kwa kishindo moja kwa moja juu ya kuku, akaruka na kelele mpaka ukutani. Haikupita muda simu ya Mama Kopi ikaita. Kinyozi, kutoka kazini.

"Dada! Mwenye ndoo kaoga! Watu huku wanapiga makofi!"

Maji hayakufungwa tena. Mzee sasa, kila asubuhi, kabla hajatazama geti, anatazama bomba kwenye simu, kwa sababu likikauka anajua dunia itaamka kabla yake. Mstari wa ndoo ameufuta ubaoni. Vyumba vya nyuma vimepata watu. Siku moja alishuka taratibu, kofia mkononi.

"Mama Kopi, maji si yanatoka? Uzime basi kile kitu. Imetosha."

Mama yake Mama Kopi naye akamtetea mzee. "Mwanangu, kweli. Msamehe mwenzako."

Plasta ilikuwa imeshatolewa zamani. Mama Kopi akauchukua mkono wa mama yake, akaunyoosha mbele ya mzee. Haukunyooka. Mfupa ulikuwa umeunga upande, kiganja kimelala pembeni kama kijiko kilichokaliwa.

"Siku mkono huu ukirudi ulivyokuwa," akasema, "nitazima siku hiyo hiyo."

Mzee aliutazama mkono, akavaa kofia yake, akapanda ngazi. Dirishani, kamera ilipiga picha nyingine ya bomba.