Watu Arobaini na Mmoja wa Nyumba Yetu

Baba aliutaka uenyekiti wa chama chetu, sisi Wahindi wa Mombasa tuliohamia Landani, hata usingizi ulimpaa. Mpinzani wake alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Hayes asiyewahi kumkaribisha hata paka. Baba yeye aliwapokea watu tangu miaka ile tunashuka kwenye ndege na makoti ya kuazima. Nyumba yetu ya Neasden, vyumba vitatu, haikukosa mgeni sakafuni.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi, chama kikaniomba nisafishe orodha ya wanachama iliyokuwa kwenye kompyuta, maana ndiyo kazi yangu ofisini. Loo, uchafu ulioje! Neasden imeandikwa kwa herufi kubwa, kwa ndogo, huku nafasi mbele, huku nukta nyuma. Nikainyoosha yote kwa amri moja, nikajiona fundi. Ndipo wakajitokeza watu arobaini na mmoja, wa ukoo mmoja, wote wakiishi kwetu. Nani mwenye akili angeamini hayo? Nikaiamuru mashine: anwani moja, ukoo mmoja, abaki mtu mmoja. Akabaki baba. Hata mama nilimfuta, hata mimi mwenyewe, na sikushtuka.

Haraka haraka haina baraka. Nilisahau kwamba watu wetu, hata mtu akinunua nyumba yake, barua zake huziacha zije kwa mwenyeji wake wa kwanza. Ndiyo sababu ya kuja Jumapili: kuchukua barua, kunywa chai, kula kachori na kumsengenya yule wa Hayes.

Siku ya kura, bawabu alishika orodha yangu mlangoni. Kwenye anwani yetu alimwona baba tu. Wengine arobaini, mimi na mama tukiwemo, tulibaki nje tukinyeshewa, na wote walikuwa wakinitazama mimi. Baba akashindwa kwa kura tisa. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Jioni wakajaa kwetu kama kawaida, maana biriani ya ushindi ilikwisha pikwa. Nikachukua daftari, nikapita kwa kila mtu kuomba anwani yake ya kweli ili niwarudishe. Nikaanza na shangazi, aliyehama kwetu miaka kumi nyuma.

"Andika ya hapahapa," akasema.

Wa pili akajibu vilevile. Wa tatu, vilevile. Nikamgeukia baba, aliyekuwa akipakua wali.

"Waandike hivyohivyo, mwanangu," akasema. "Na nyumba yangu usinisafishie tena."

Kisha akanipa sahani.